Swali: Kwa nini magazeti ya Amerika ya kikoloni yalijaa matangazo ya farasi dume na dawa za chupa?

Mwl_Rehema_Moro aliandika:

Wakuu, salaam. Ninafundisha historia sekondari hapa Morogoro. Muhula huu nataka wanafunzi wangu wa kidato cha tano waisome Amerika ya kabla ya 1776 kutoka kwenye magazeti yenyewe, maana kitabu cha kiada kinawapa vita na majina ya wakubwa tu. Kwa hiyo nimekuwa nikipekua Virginia Gazette, lile la Williamsburg lililoanza 1736. Picha za kurasa zake zipo mtandaoni bure.

Nilitarajia siasa. Siasa ipo, lakini kurasa za nyuma ni matangazo matupu, na kuna aina mbili zinazonitatiza.

Ya kwanza ni ya farasi dume. Ikifika Machi ukurasa unajaa. Unakuta kipicha cha farasi, jina lake kwa herufi kubwa, kisha baba yake, babu yake, na babu wa upande wa mama, mpaka unafika kwa farasi fulani wa Kiarabu aliyekufa zamani. Halafu bei: ya kupanda mara moja, ya msimu mzima, ya kudhamini mimba, na juu yake fedha ya mtunzaji. Ya pili ni ya dawa: Daffy, Bateman, Turlington, Godfrey, Stoughton. Majina ni yaleyale kila mara, na mara nyingine anayeziuza ni mwenye gazeti mwenyewe.

Kwa nini hizi mbili? Nani alikuwa anahakiki yanayosemwa humo? Na je, watu waliamini? Naomba mwenye kujua anifafanulie kwa mifano halisi. Watoto wa siku hizi ukiwaambia jambo wanakuuliza umejuaje.

Saisi_Mstaafu alijibu:

Mwalimu, karibu sana. Mimi ni mtu wa Tanga, ila sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imeishia Virginia, kwenye mazizi ya farasi. Nimeshika kamba za madume misimu mingi, na jioni zangu za uzeeni nazitumia kusoma magazeti hayohayo unayosoma wewe. Nitajibu kwa urefu, univumilie.

Virginia ya wakati ule haikuwa na miji ya maana. Mashamba ya tumbaku yalitawanyika kando ya mito, na kumfikia jirani ni safari. Bila farasi huendi kanisani, huendi mahakamani, humwiti mkunga. Kila mwenye nafasi kidogo alikuwa na majike wawili watatu, lakini dume wa mbegu bora walikuwa nao wachache, kwa sababu alitoka Uingereza kwa meli, wiki nyingi baharini, amesimama kwenye kizimba chembamba, na si kila aliyepakiwa alifika. Aliyezama kwenye gharama hiyo alirudisha fedha yake kwa njia moja kubwa: majirani walete majike yao wapandishwe kwa malipo. Na jirani wa kaunti ya tatu atajuaje kwamba dume yupo? Kwa gazeti, na kwa kumtembeza mbele ya mahakama siku ya kesi, watu wote wakiwa wamekusanyika.

Kuhusu Machi: jike wa farasi huingia joto siku zinapoanza kurefuka baada ya baridi, na mimba yake ni miezi 11 hivi. Akipandishwa Aprili anazaa Machi ya mwaka unaofuata, nyasi zikianza kuchipua na maziwa yakiwa tele. Tangazo la Septemba lingekuwa fedha iliyotupwa.

Sasa zile bei. Ya mara moja ni hiyo tu: dume kapanda, umelipa, kwaheri. Ya msimu inakupa haki ya kumrudisha jike kila anaporudi kwenye joto, kila baada ya wiki tatu hivi, mpaka siku atakapomkataa dume. Ya kudhamini mimba ndiyo ya juu kuliko zote, maana hapo mwenye dume anabeba hasara jike asiposhika. Ukitaka kujua mwenye farasi anamwamini mnyama wake kiasi gani, soma hiyo bei ya tatu. Mimi ndiyo ninayoianza kila ninapofungua tangazo.

Fedha ya mtunzaji ilitajwa peke yake, na wanaosoma kwa haraka wanairuka. Wasiruke. Kupandisha ni kazi ya hatari. Jike analetwa kwanza kwenye uzio, dume upande wa pili, unatazama: akilaza masikio nyuma na kurusha teke, bado. Akitulia, akainua mkia, akakojoakojoa kidogo, yuko tayari. Ukikosea kusoma dalili hizo ukamruhusu dume mapema, teke moja linavunja mguu wa mnyama aliyegharimu fedha ya shamba zima, au taya lako wewe uliyeshika kamba. Tangazo lilitaja malisho pia, na likamaliza kwa kusema mwenye shamba hawajibiki kwa jike atakayetoroka au kuumia. Hilo nalo ni la kweli kabisa, uzio wa mbao hauzuii jike anayemtaka mtoto wake nyumbani.

Urefu nao una historia yake. Farasi wa mwanzo wa koloni walizurura msituni wakazaliana ovyo hadi wakawa wadogo. Mwaka 1686 Virginia ilitunga sheria dhidi ya madume wafupi, chini ya viganja 13 na nusu, kuachwa wakizurura. Kiganja kimoja ni inchi 4. Kwa hiyo mtu anapotangaza dume wa viganja 15, yaani sentimita 152 hivi kutoka ardhini hadi begani, anasema jambo ambalo kila msomaji angeweza kuja kulipima mwenyewe.

Majina ya kuwatafutia wanafunzi: Bulle Rock, anayetajwa kufika Virginia 1730 akiwa tayari mzee, mtoto wa yule farasi aitwaye Mwarabu wa Darley, aliyenunuliwa Aleppo, Syria. Janus, aliyezaliwa 1746, mjukuu wa farasi mwingine maarufu, Mwarabu wa Godolphin. Watoto wake walikuwa na mbio kali za masafa mafupi, na damu yake imo katika farasi wa Kimarekani wa robo maili hadi leo. Na Fearnought, aliyeletwa 1764 na Kanali John Baylor wa kaunti ya Caroline, mjukuu wa Godolphin naye. Huyu Fearnought namheshimu kuliko wote. Kabla yake Virginia ilipenda mbio za robo maili, na baada yake watu walipata farasi wa kukimbia maili 4 na kurudia. Orodha ya mababu iliyokuchosha, mwalimu, ilikuwa inajibu swali la mkulima: nikilipa, mtoto atakuwa na miguu ya nani?

Tuje kwenye dawa, na hapa moyo wangu unabadilika.

Gazeti la kwanza lililodumu huko Amerika lilikuwa Boston News-Letter, 1704, la John Campbell, msimamizi wa posta. Oktoba 1708 muuza vitabu wa Boston, Nicholas Boone, akatangaza humo Daffy's Elixir Salutis, shilingi 4 na peni 6 kwa chupa ya nusu painti. Zingatia: muuza vitabu. Duka la vitabu, duka la kalamu, posta na kiwanda cha uchapaji vilikuwa chini ya paa moja au mikononi mwa watu wale wale, na dawa ikaingia humohumo kwa sababu chupa ni ndogo, haiozi, na inakuja kwa meli moja na karatasi na wino kutoka London. Benjamin Franklin alichukua Pennsylvania Gazette mwaka 1729. Mwaka 1731 gazeti hilo likatangaza kwamba mama mkwe wake, mjane Read, amehamia kwenye nyumba ya uchapaji na anaendelea kuuza marhamu yake ya upele. Mwaka huohuo wa 1731, New York, John Peter Zenger alichapa kijitabu kizima cha kusifu matone ya kifua ya Bateman. Ni Zenger yuleyule aliyeshitakiwa 1735 kwa kumchafua gavana, akaachiwa, na akaingia kwenye historia ya uhuru wa habari.

Fanyeni hesabu darasani. Kwa Purdie na Dixon, wachapaji wa Virginia Gazette pale Williamsburg, tangazo la urefu wa kawaida lililipiwa shilingi 3 wiki ya kwanza na shilingi 2 kila wiki iliyofuata. Mwenye dume akitangaza wiki 8 analipa shilingi 17, zaidi ya usajili wa gazeti mwaka mzima, uliokuwa shilingi 12 na peni 6. Mchapaji anayeuza dawa yake mwenyewe anajaza nafasi iliyobaki bila kumlipa mtu.

Umeuliza nani alihakiki. Kwa dawa, hakuna. Hataza ya mfalme ilimpa mtu haki ya kuuza peke yake, basi. Stoughton aliipata 1712, Bateman 1726, Hooper 1743, Turlington 1744, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyehesabiwa kabla ya karatasi kutiwa muhuri. Lakini mkulima wa Virginia alipoona neno la mfalme kwenye chupa, alielewa kwamba mfalme ameikubali.

Ndiyo maana mimi sizichanganyi hizi mbili, ingawa wasomi wengi wanaziweka kapu moja la "porojo za matangazo". Tangazo la farasi linakupa mahali, mnyama anayeonekana, bei iliyofungwa kwenye matokeo, na baada ya miezi 11 kuna mtoto kwenye nyasi au hayupo. Anayedanganya anaishi hapohapo, na mtaa mzima unalijua zizi lake. Tangazo la dawa linakupa jina la mtu aliyeko London, au aliyekwisha kufa, linaahidi kuponya kifua, tumbo, mawe ya figo na homa kwa kijiko kilekile, na mgonjwa asipopona harudi kulalamika. Mchapaji alijua tofauti hiyo, akayaweka yote mawili kwenye safu moja, kwa herufi za ukubwa mmoja. Hilo ndilo ninalomlaumu.

Mfamasia_Mvita alijibu:

Mzee Saisi, shikamoo, na ahsante sana. Niongeze la kwetu wa dawa.

Mwalimu ameuliza kama watu waliamini. Waliamini kwa sababu chupa zile zilifanya kitu mwilini. Daffy ilikuwa majani ya sanamaki na viungo ndani ya pombe kali. Ukinywa unaharisha, na pombe inakutia joto, unahisi dawa imefanya kazi. Bateman na Godfrey zilikuwa na afyuni. Afyuni inatuliza kikohozi, inafunga kuhara, inaondoa maumivu, inaleta usingizi. Mtu mwenye kifua alinywa Bateman akalala usiku kucha kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Utamwambiaje kwamba hajapona?

Godfrey ndiyo inayoniumiza. Ilikuwa ya watoto wachanga, wale wanaolia usiku. Afyuni na sharubati ya sukari nyeusi, inampa mama saa chache za usingizi, na mtoto anazidi kupungua kwa sababu aliyelewa afyuni hanyonyi. Akipewa kingi anaacha kupumua. Kwenye gazeti utaiona imetajwa katikati ya orodha, baada ya Bateman na kabla ya pilipili manga, bila neno la tahadhari.

Na kingi ni kiasi gani? Hakuna aliyejua. Mwaka 1824 Chuo cha Famasia cha Philadelphia kilichapisha kanuni za dawa 8 za zamani za Kiingereza, zikiwemo Bateman, Godfrey, Turlington na vidonge vya Hooper, kwa sababu kila muuza dawa alikuwa anachanganya kivyake na kiwango cha afyuni kilitofautiana mno kutoka duka hadi duka. Miaka mia na zaidi jina lilikuwa lilelile kwenye gazeti, na ndani ya chupa kila mmoja alitia anachojua. Turlington alibuni chupa yake ya umbo la pea mwaka 1754 kuwazuia waigaji. Matokeo yake watu waliithamini chupa yenyewe, wakainunua tupu na kuijaza.

Kuna dawa moja zaidi ya kutazama, poda ya homa ya Dkt. James, hataza ya 1747. Ndani ilikuwa na antimoni, ambayo ni sumu. Kule London aliyeisukuma sana sokoni ni muuza vitabu John Newbery. Mwandishi Oliver Goldsmith aliugua 1774, akang'ang'ania poda hiyo kinyume na ushauri wa madaktari wake, akafa. Kwa hiyo uhusiano wa vitabu na dawa aliousema Mzee Saisi ulianzia Uingereza kwenyewe.

Marekani ililazimisha kutaja afyuni na pombe kwenye lebo kwa sheria ya 1906. Hesabu mwenyewe kutoka 1708.

Kitimutimu_TZ alijibu:

Uzi mzuri. Lakini Mzee Saisi, kwa heshima zote, naona unawapendelea watu wa farasi kwa sababu ni ndugu zako wa kazi. Nasaba zile nani alizihakiki? Kitabu cha nasaba cha Kiingereza, General Stud Book, kilitoka 1791. Kabla ya hapo mtu aliandika karatasi, bwana mwingine rafiki yake akatia sahihi, imetoka. Cha Marekani kikaja 1868. Na majina yalirudiwarudiwa: Janus wapo wengi, mtoto anaitwa Janus, mjukuu anaitwa Janus, na mkulima wa ndani huko anadhani anamletea jike wake Janus wa 1746 mwenyewe. Huo si utapeli?

Saisi_Mstaafu alijibu:

Kitimutimu mwanangu, nasaba ndiyo sehemu dhaifu ya tangazo, na wenye farasi wa wakati ule walijua hivyo. Ndiyo maana matangazo mazuri yanataja nani alimleta na nani anashikilia cheti cha kutoka Uingereza, ili anayetilia shaka akaulize. Wapo waliotunga. Walionunua nasaba ya uongo waliuziwa upepo, sikatai.

Lakini tazama mkulima alilipia nini. Alilipia mtoto. Ukimpandisha jike wako na dume mwenye nasaba ya kughushi, bado mwakani utamwona mtoto, utampima, utamtazama kwato, utamkimbiza na wa jirani. Dume akizaa watoto wenye magoti mabovu misimu miwili, hakuna herufi kubwa itakayomwokoa. Mbio zilikuwa hadharani pia. Desemba 1752, huko Gloucester, jike Selima wa Benjamin Tasker wa Maryland, mtoto wa Godolphin, alimshinda Tryall wa William Byrd wa Tatu mbele ya umati wa Virginia nzima. Sifa ya damu ya Godolphin haikuhitaji gazeti baada ya siku ile. Chupa ya Godfrey iliingia kwenye mashindano gani?

Na ule ukaribu wa muuzaji na mnunuzi una uzito. George Washington mwenyewe alitangaza namna hii, ingawa ukoloni ulikuwa umekwisha: mwaka 1786 alimtangaza Royal Gift, punda dume aliyepewa zawadi na mfalme wa Uhispania, akazae nyumbu pale shambani kwake Mount Vernon. Alieleza umri, urefu na rangi ya mnyama. Na huyo punda mwanzoni alikuwa mvivu wa kupanda, jambo ambalo Washington aliwaandikia rafiki zake waziwazi. Majirani walijua, walisubiri, akaja kuchangamka, wakaleta majike. Mtangazaji asingeweza kujificha hata kama ni jenerali aliyeshinda vita.

Mwl_Rehema_Moro aliandika:

Mzee wangu, shikamoo, na nyote ahsanteni. Hesabu ya shilingi 17 nitaianza darasani, na ya Godfrey nitaisoma pole pole maana wasichana wangu wengi wanalea wadogo zao nyumbani.

Nina swali moja limebaki. Ile fedha ya mtunzaji, ya saisi. Virginia ya wakati ule, aliyeshika kamba alikuwa mtumwa, si ndivyo? Fedha hiyo iliingia mfukoni mwake? Nauliza kwa sababu ukurasa huohuo wa farasi na dawa una matangazo ya watumwa watoro, na kipicha cha mtu anayekimbia kina ukubwa uleule wa kipicha cha farasi.

Saisi_Mstaafu alijibu:

Marahaba, mwalimu. Swali hili nilitamani uliulize.

Ndiyo. Kwenye mashamba makubwa aliyelala zizini na dume, aliyemlisha, aliyemkimbiza, na aliyesimama katikati yake na jike anayerusha mateke, mara nyingi sana alikuwa Mwafrika au mtoto wa Mwafrika, aliyemilikiwa kama farasi alivyomilikiwa. Fedha ya saisi wakati mwingine alipewa kama bakshishi, wakati mwingine ilikwenda kwa bwana. Tangazo halisemi. Linataja babu wa farasi mpaka Aleppo, na aliyemshika kamba halimtaji hata jina. Mimi niliyefanya kazi ileile kwa mshahara, nikiwa na uwezo wa kuacha siku nikitaka, hapo ndipo ninaposimama kila ninaposoma.

Waliotajwa walitajwa walipokimbia. Tafuta Virginia Gazette ya 14 Septemba 1769. Mwenye tangazo ni Thomas Jefferson, kijana bado, miaka 7 kabla ya kuandika kwamba watu wote wameumbwa sawa. Anamtafuta Sandy, mwenye miaka kama 35, fundi viatu anayeweza pia useremala wa kawaida, na anayejua farasi kiasi cha kuwapanda na kuwauza. Sandy amebeba zana zake za viatu na ameondoka na farasi mweupe mwenye makovu mengi ya minyororo ya kukokotea. Zawadi ni shilingi 40 akikamatwa ndani ya kaunti, pauni 4 akikamatwa kwingine Virginia, pauni 10 akiwa ameshafika koloni nyingine.

Wanafunzi wasome tangazo hilo kama walivyosoma la dume. Umri upo, rangi ipo, umbo, ufundi, tabia, bei. Mwandishi wa matangazo ya farasi na mwandishi wa matangazo ya watoro walitumia macho mamoja. Tofauti ni kwamba hapa, bila kukusudia, bwana anaorodhesha kila alichokijua Sandy: kushona viatu, kupasua mbao, kusoma farasi, kuchagua zana za kubeba ili apate riziki mbele ya safari. Hata farasi alimchagua mwenye makovu ya kazi. Dume wa kifahari angetambulika kwa maelezo ya gazeti kabla ya siku mbili kwisha.

Alikamatwa. Mwaka 1773 Jefferson alimuuza kwa Kanali Charles Lewis kwa pauni 100.

Kuna mmoja wa kumsoma pamoja naye: Austin Curtis, mpanda farasi na mfunzi wa Willie Jones wa North Carolina, ambaye watu wa mbio za robo maili walimtambua kama mjuzi mkubwa wa farasi katika eneo lote. Aliwalinda farasi wa bwana wake wakati wa vita vya uhuru, na bunge la North Carolina likamfanya huru mwaka 1791, akaendelea na biashara ya farasi kwa jina lake mwenyewe.

Ukitafuta kwenye tovuti, usitafute kwa neno la Kiingereza la sasa, maana tahajia ya zamani inayumba. Fungua kwa tarehe. Chukua toleo moja la Aprili, miaka ya 1760 mwishoni, lenye kurasa zote nne, uwape wanafunzi ukurasa wa matangazo mzima bila kuukatakata, dume, dawa na watoro wakiwa mahali walipopangwa na mchapaji. Na toleo la mchapaji William Rind liwe pamoja na la Purdie na Dixon, kwa sababu kuanzia 1766 mji ule ulikuwa na magazeti mawili yenye jina moja. Lile la Rind, kuanzia 1773 yeye alipofariki, lilichapwa na mjane wake, Clementina, mpaka naye alipofariki mwaka uliofuata. Wasichana wako wangependa kumjua.

Mwl_Rehema_Moro aliandika:

Nimelipata la 14 Septemba. Nimelinakili kwa mkono ubaoni kwangu, maana printa ya shule haina wino. Mzee, hiyo minyororo ya kukokotea ilimkaa wapi farasi, ubavuni au kifuani? Nataka niwaonyeshe kwa mchoro.

Saisi_Mstaafu alijibu:

Ubavuni, pande zote mbili. Inaanzia kwenye kola shingoni, inapita ubavuni, inaishia nyuma kwenye plau au mkokoteni. Kovu linakuwa mstari mrefu usioota manyoya, au yanayoota ni ya rangi nyingine. Chora kola kwanza, kisha mistari miwili kwenda nyuma, wataelewa.